Kigego Aliyetawala: Asili ya Mbega na Mabadiliko Yake

Mtu anayesimama katika vilele vya mashariki vya Upare Kusini, siku isiyo na ukungu, huiona milima ya Usambara imejinyoosha ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Bonde hilo halikuwa mpaka kamili. Watu, mifugo, chuma na chumvi vilivuka, na masimulizi pia yalivuka. Hivyo mwalimu wa Same anayefundisha historia ya jadi hawezi kuepuka kumtaja Mbega, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu na kuwa mtawala wa kwanza wa ukoo wa Wakilindi huko Vuga, katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Na akimtaja, hana budi kukabiliana na swali ambalo wanafunzi huliuliza mapema kuliko anavyotarajia: Mbega alikuwa nani hasa kabla ya kuwa Mbega?

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza swali hilo akiwa na kitabu cha picha mkononi, kimoja cha vile visa vya Kimarekani vya mashujaa warukao angani. Nilitaka kumnyang'anya. Baadaye nilitambua kwamba kitabu chake kilikuwa kimemfundisha kuuliza vizuri. Maana shujaa wa vitabu hivyo naye asili yake haikai mahali pamoja. Superman alipotokea mara ya kwanza mwaka 1938, alielezwa katika ukurasa mmoja tu: mtoto aliyerushwa kutoka sayari iliyoangamia, akaokotwa na mpita njia na kupelekwa kwenye nyumba ya watoto yatima. Mwaka uliofuata akapewa wazee wawili wa kumlea. Hapo mwanzo aliruka kama panzi, baadaye akapaa kama ndege. Mwaka 1986 asili yake ikaandikwa upya takriban yote, na wasomaji wakaambiwa waisahau ile ya zamani. Ni kampuni iliyofanya hivyo, ili kuuza. Lakini asili ya Mbega nani aliibadili, na kwa faida gani?

Simulizi lililo kamili kuliko mengine ni lile la Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu chake Habari za Wakilindi, kilichoandikwa zama za utawala wa Wajerumani na kutolewa tena mwaka 1962. Abdallah alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, mwenye kalamu. Alimtumikia Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliyeweka makao yake Mazinde, chini ya milima, kando ya njia ya misafara iendayo Upare. Katika masimulizi yake, Mbega alizaliwa Ngulu akiwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia yale ya chini. Wazazi wake walipokuwa hai hakuguswa. Walipofariki, ndugu zake walimnyima urithi, wakadai kwamba vifo vilivyoukumba ukoo vilitokana naye. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akafika Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkuu wa nchi ile. Siku moja mwana yule akauawa na nguruwe mawindoni. Mbega akakimbia tena, mara hii akifuatana na vijana wa Kilindi walioogopa kurudi makwao bila mwenzao. Ndipo akapanda Usambara, akagawa nyama na kupewa vyakula vya shamba, akaoa Bumbuli, akaitwa Vuga, akamuua simba usiku, na watu wakamsalimu kwa jina ambalo wafalme wote waliomfuata walirithi: Simba Mwene.

Hilo ni simulizi la baraza la watawala. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Usambara katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, alikuta kwamba hadithi hiyo ilikuwa na sura nyingi. Mbele ya wakulima wa kawaida, uzito uliwekwa kwenye ubadilishanaji: mgeni ana nyama na hana ugali, wenyeji wana ugali na hawana nyama. Mtu wa porini anaingia nyumbani hatua kwa hatua, na safari yake kutoka mwituni hadi kwenye kiti ndiyo maana yenyewe ya hadithi. Wako pia waliompa Mbega nasaba ya Kiarabu. Dai hilo halishangazi, kwa kuwa katika karne ya 19 heshima, bunduki na nguo zilitoka pwani, na mtawala aliyetaka kuheshimiwa na wafanyabiashara wa Pangani alipata faida kuwa na babu aliyetoka upande huo. Mimi naliona dai hili kuwa nyongeza ya wakati wa misafara, wala silipi uzito zaidi ya huo.

Lililo gumu kueleza ni kigego. Ukoo unaotawala una kila sababu ya kumsafisha mwasisi wake. Kwa nini basi uhifadhi doa kubwa kama hilo, tena mwanzoni kabisa mwa habari?

Msomaji wa Upare anaelewa uzito wa doa hilo kuliko mtu wa mbali. Katika milima yetu, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza alihesabiwa kuwa ni balaa kwa ukoo, na aghalabu hakuachwa aishi. Pacha nao waliogopwa vivyo hivyo. Huko Mbaga wenyeji humwonyesha mgeni jiwe la Malameni, na husimulia kwamba watoto walitolewa hapo ili kuwatuliza mizimu, na kwamba desturi hiyo ilikoma miaka ya 1930. Wamisionari waliofika Upare Kusini, wakiwamo Wasabato waliojenga kituo Giti mwaka 1903, na Jakob Dannholz wa Kilutheri aliyeishi Mbaga, waliandika mengi juu ya hofu hizi. Maandishi yao yasomwe kwa tahadhari, kwa sababu mmisionari alikuwa na haja ya kuonyesha giza ili nuru yake ionekane. Hata hivyo hofu yenyewe haikubuniwa na Wazungu. Bibi zetu waliijua, na wengine walichungulia vinywa vya wajukuu wao kwa wasiwasi hata baada ya kubatizwa.

Basi msikilizaji wa zamani, wa Vuga au wa Mbaga, aliposikia kwamba Mbega alikuwa kigego, hakusikia habari ya meno. Alisikia kwamba mtu huyu alistahili kufa na hakufa. Feierman ameeleza kwamba Washambaa walikuwa na maneno mawili kuhusu utawala: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nguvu inayoleta mvua ni ile ile inayoweza kuizuia. Mfalme asiyeweza kudhuru hakuweza pia kuponya. Kwa fikira hiyo, kigego alikuwa na sifa ya kwanza ya mfalme tangu alipozaliwa. Kilichokosekana ni mahali pa kuigeuza hatari yake iwe baraka. Upande wa Upare, ambako mvua nayo ilikuwa nguzo ya utawala, hoja kama hii isingehitaji kufafanuliwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wale wanaoichukua hadithi ya Mbega kuwa fumbo tupu. Ilikuwa pia hati ya kumiliki. Feierman mwenyewe anaonyesha kwamba Usambara wa wakati ule ulikuwa na shida ya kweli: wageni wafugaji, hasa Wambugu, walikuwa wameingia milimani, na koo za wenyeji zilizotawanyika hazikuwa na mamlaka ya pamoja. Wambugu hao walipitia Upare, na hata leo sarufi ya lugha yao inafanana sana na ya Chasu. Mtawala aliyetoka nje ya koo zote aliweza kukubalika na zote. Kwa hiyo ilikuwa lazima Mbega awe mgeni, na mgeni aliyekatwa kabisa na kwao, asije akaleta ndugu zake wa Ngulu kudai nchi. Ukigego unalikamilisha sharti hilo: ndugu zake walimkana kabla yeye hajawaacha.

Profesa Isaria Kimambo, aliyechapisha historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969, alikutana na tatizo la namna hiyo upande wetu. Huko Ugweno, Washana, wafua chuma, walitawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya, na Mranga wa Wasuya hukumbukwa kama aliyeupanga utawala kwa mabaraza na jando. Kimambo aliyaweka mapinduzi hayo katika karne ya 16. Alikusanya masimulizi ukoo kwa ukoo, akayalinganisha. Hiyo ndiyo kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuianza nyumbani: amuulize mzee wa Kisuya na mzee wa Kishana habari ile ile, kila mmoja peke yake, kisha aangalie kila mmoja ameanzia wapi. Mara nyingi mahali pa kuanzia panasema zaidi kuliko yaliyomo.

Abdallah naye alianzia mahali fulani, na alikuwa na bwana. Semboja alipigana na jamaa zake kwa ajili ya utawala baada ya kifo cha Kimweri katika miaka ya 1860, na vita hivyo viliufungua mlango wa kuuza watu. Huku Mbaga mapango ya Mghimbi yanakumbukwa kuwa maficho ya Wapare waliowakimbia watekaji. Kwa hiyo wajukuu wa kigego aliyenusurika walifika kuwa tishio kwa watoto wa majirani, na mwandishi aliyeishi barazani mwao ndiye aliyetuhifadhia habari ya mateso ya babu yao. Wajerumani walipomnyonga mtawala Mputa huko Vuga mwaka 1895, ukoo ulibaki na hadithi kuliko nguvu. Na utawala wa machifu ulipofutwa nchini mwaka 1963, hadithi ikawa ya shule.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya likizo. Alikuwa amekwenda kwao, karibu na Malameni, akamuuliza bibi yake kama kulikuwa na kigego yeyote aliyeokoka upande ule. Bibi akajibu kwamba walikuwapo, walipelekwa usiku kwa watu wa mbali wakalelewe huko, na kwamba majina yao hayakutajwa tena nyumbani. Kijana aliniuliza kama jambo hilo laweza kuandikwa katika jibu la mtihani. Nikamwambia aliandike kwanza katika daftari, pamoja na jina la kijiji na tarehe aliyosimuliwa.