Kutambua yale tunayoyathamini, na kujua lipi linatangulia

Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa daktari Denis Mukwege mjini Bukavu, na mlinzi wake akauawa. Daktari aliokoka, akaondoka nchini pamoja na jamaa yake. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999 chini ya kanisa letu la 8e CEPAC, ikabaki bila yeye. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi waliandikia wakubwa barua wakiomba arudi na alindwe. Walipoona kimya, wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili wapate pesa ya tiketi yake ya ndege. Tarehe 14 Januari 2013 alirudi, na watu wakajaa kando ya barabara kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu mpaka mjini.

Wengi wa mama wale waliishi kwa pungufu ya dola moja kwa siku. Kila franka waliyoiweka kando ilikuwa na kazi nyingine nyumbani: chumvi, sabuni, dawa ya malaria, minervali ya mtoto. Hakuna aliyekuwa amewaalika katika semina ya kuandika mambo wanayoyathamini. Lakini mtu aliyetaka kuyajua angeyasoma katika vikapu vyao.

Tunaanza na habari hii kwa sababu somo la leo hufundishwa mara nyingi kwa maneno matupu. Katika vitabu vya Tanzania mambo haya huitwa tunu. Kwetu Kivu neno hilo halisikiki sana. Watu husema tu “jambo la maana kwangu”. Tutatumia tunu kwa kuwa ni fupi. Tunu ni jambo ambalo mtu analithamini kiasi cha kuliruhusu liongoze maamuzi yake: ukweli, jamaa, usalama, elimu, heshima, ukarimu, ibada, uhuru. Tunu si lengo. Kujenga nyumba ya mabati ni lengo. Siku bati la mwisho linapopigiliwa, limekwisha. Kupenda kupokea wageni ni tunu, na haiishi hata nyumba ikiwa ya majani. Tena tunu si amri. Amri inatuonyesha lililo ovu ili tuliache. Tunu zinahitajika hasa pale tunapopaswa kuchagua kati ya mambo mawili ambayo yote ni mema, na hapo ndipo wakristo wengi tunakwama, maana tumezoea kudhani kwamba kila uamuzi mgumu ni vita kati ya wema na ubaya.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Milton Rokeach, aliliona hilo. Katika kazi yake ya mwaka 1973 alitumia orodha mbili za tunu, kila moja yenye tunu 18. Hakuwauliza watu kama wanazipenda, kwa sababu kila mtu angejibu ndiyo kwa zote. Aliwaomba wazipange, ya kwanza hadi ya mwisho. Baadaye Shalom Schwartz wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu alizichora tunu kama duara: zilizo jirani husaidiana, zinazotazamana huvutana. Kwake, kutafuta mafanikio yako na kutunza maisha ya wengine hukaa pande mbili za duara. Mtu anaweza kuwa na zote mbili, ila saa moja hiyohiyo haziendi njia moja.

Wengine huona vibaya kuyapanga mambo mema, kana kwamba ni kuyadharau yatakayokuja nyuma. Lakini Bwana Yesu mwenyewe aliyapanga. Katika Matayo 23:23 anawakemea watu waliotoa fungu la kumi hata la majani ya mboga, huku wakiacha yaliyo mazito zaidi: haki, rehema na uaminifu. Hakusema waache kutoa. Alisema kuna mazito na kuna mepesi. Na katika Marko 7 mambo ni makali zaidi, kwa sababu yanayogongana ni mawili matakatifu: mali iliyowekwa kwa Mungu kama Korbani, na kuwatunza wazazi. Yesu hakuwasifu waliotumia sadaka kama mlango wa kukimbia baba na mama. Sisi tunaosimamia matoleo makanisani tungefanya vema kuisoma sura hiyo polepole.

Basi mtu atazijuaje tunu zake za kweli? Asianze kwa kujiuliza anapenda nini, maana atajibu kama mtu aliye mbele ya mchungaji. Aangalie kwanza pesa iliyopita mikononi mwake mwezi uliopita, na hasa ile ndogo iliyobaki baada ya chakula. Aangalie pia ni jambo gani linalomkasirisha haraka. Anayewaka moto akisikia mjane amenyang'anywa shamba ana tunu ya haki, hata kama hajawahi kulitamka neno hilo. Anayewaka moto kwa sababu hakupewa kiti cha mbele, naye ana tunu yake. Jambo la tatu ni lile alilokataa ingawa lingemfaidi. Hilo la tatu tunaliamini kuliko yote, kwa sababu kukataa faida kunauma, na mtu hajiumizi kwa ajili ya kitu asichokithamini.

Tuchukue nyumba moja ya mkulima wa kahawa kisiwani, mfano tu, lakini wengi watajiona humo. Mchuuzi anapita mapema, kahawa ikingali mtini, na anatoa pesa taslimu kwa bei ya chini. Kungoja mavuno na kupeleka kahawa nzuri kwenye koperative kutaleta zaidi. Lakini binti yuko sekondari, ambako si bure kama shule ya msingi ya serikali, na jina lake limeshasomwa kati ya wasiolipa. Baba anasema tungoje. Mama anasema mtoto asirudishwe nyumbani. Wanagombana juu ya bei, na majirani wanadhani ni ugomvi wa pesa. Kwa kweli baba anatetea jasho la jamaa yote lisiuzwe ovyo, mama anatetea masomo na heshima ya binti. Hakuna mwovu katika nyumba hiyo. Wakishatambua kwamba wanashindana juu ya lipi litangulie mwaka huu, wanaweza kufika mahali: kuuza sehemu ndogo tu, au kwenda kuongea na mkuu wa shule kabla ya kuongea na mchuuzi. Wasipotambua, mwaka ujao watagombana maneno yaleyale.

Mfano wa pili ni wa maji. Idjwi haina daraja. Kwenda Bukavu au Goma ni kuvuka ziwa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa mbele ya ndugu waliokuwa wamekuja kuwapokea. Sisi sote tukiulizwa, tutasema uhai ni wa kwanza. Halafu tunaona mtumbwi umejaa na tunapanda, kwa sababu soko halingoji, au kwa sababu tunaona haya kushuka wakati wengine wamekaa. Hapa tusihukumu upesi. Wakati ule vita vilikuwa vimefunga njia ya nchi kavu kati ya Minova na Goma, na maskini huwa na milango michache ya kuchagua. Hata hivyo mahali ambapo mlango upo, kama vile kungoja boti inayofuata, tunapaswa kujiuliza kama uhai tunaoutangaza kuwa wa kwanza haujawekwa wa tatu au wa nne.

Kisiwa chenyewe kina tunu moja inayojulikana mbali. Tangu vita vya 1996 Kivu yote imelia, lakini Idjwi, na chefferie zake mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, haikuwa uwanja wa mapigano kama nchi ya kando yake. Mtafiti Séverine Autesserre aliandika habari za kisiwa hiki katika kitabu chake cha mwaka 2021 kuhusu amani. Anaonyesha kwamba amani hiyo ni kazi ya kila siku ya wenyeji: makanisa, wazee, vikundi vya wanawake na vijana wanaoshughulikia magomvi yakingali madogo, pamoja na mapatano ya damu ya zamani kati ya jamaa na jamaa. Mapatano ya damu si jambo tunalolifundisha makanisani. Lakini tukiri kwamba waliofungwa nayo walijua wazi ni kitu gani hawatakifanya kamwe, na wabatizwa wengi hatuna uwazi huo.

Lakini hata tunu nzuri hivyo inaweza kukalia nyingine. Bambuti wa Idjwi waliishi kwa msitu, wakaondolewa humo, na wengi wao hawana shamba la kulima hadi leo. Shauri lao likiletwa kwenye kikao na mtu akasema “tusivuruge amani”, tumsikilize vizuri. Je, ni amani anayoilinda, au shamba lake? Kwa maoni yetu, pale ambapo utulivu unalipwa na upande mmoja tu, haki inapaswa kupandishwa juu, hata kama kikao kitakuwa kirefu na wengine watatoka wamenuna.

Kwa makanisa yanayotaka kufanya zoezi hili, tunapendekeza maharage badala ya karatasi, kwa sababu asiyejua kusoma hataachwa nyuma. Kila mtu apewe punje ishirini. Chini ziwekwe alama za vitu: jiwe kwa usalama, kitabu kwa masomo, sahani kwa ukarimu, jani kwa shamba, na kadhalika, vikundi vichague wenyewe. Kwanza kila mmoja agawe punje zake kufuatana na mwezi uliopita ulivyokwenda kweli. Kisha, bila kuongezewa hata punje moja, azigawe upya jinsi angetaka mwezi ujao uende. Atakayetaka kuongeza penye kitabu lazima atoe mahali pengine, na ni pale anapoinua mkono na kusita ndipo maongezi yanapoanza. Mume na mke wafanye kila mtu peke yake kabla ya kutazamana. Vijana wasikae chini ya macho ya wazazi wao, la sivyo punje zote zitaenda kwenye ibada. Mwongozi asisahihishe mtu; aulize tu, “Punje hii umeitoa wapi?”

Lirudiwe baada ya mavuno, maana mtu aliyezaa, aliyefiwa au aliyekimbia vita hazigawi kama mwaka uliopita. Na maharage yenyewe, kikao kikiisha, yapikwe.