Kumsaidia mtoto kujiandaa kwa shindano la upelelezi wa magonjwa

Mwanao amerudi nyumbani na habari kwamba amechaguliwa kushiriki shindano la epidemiolojia. Neno hilo lisikutishe. Epidemiolojia ni elimu ya kuchunguza jinsi ugonjwa unavyoenea katika jamii: nani wameugua, wapi, lini, na kwa nini wao na si wengine. Huhitaji kuwa umesoma sayansi ili umsaidie.

Shindano lenyewe likoje?

Nchini Marekani, shindano maarufu la aina hii ni Disease Detectives, yaani Wapelelezi wa Magonjwa, ambalo ni sehemu ya mashindano ya shule yaitwayo Science Olympiad. Wanafunzi hushiriki wawili wawili. Hupewa kwa maandishi kisa cha mlipuko wa ugonjwa, pamoja na takwimu, kisha hujibu maswali kwa muda maalumu. Kanuni hubadilika, kwa hiyo mwombe mwalimu kanuni za mwaka huu na mzisome pamoja.

Anzeni na kisa cha London

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika mtaa wa Soho, London. Wengi waliamini kinaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow aliulizia waliokufa walikuwa wanakunywa maji ya wapi, akaona wengi walitumia pampu ya Broad Street. Pia aliwatazama wasiougua. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani hawakufa, kwani walikunywa bia na maji ya kisima chao wenyewe. Mpini wa pampu ukaondolewa.

Baadaye kasisi Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakukubaliana na Snow, aligundua chanzo. Katika nyumba namba 40 mtoto mchanga alikuwa ameharisha. Mama yake alifua nepi na kumwaga maji kwenye shimo la maji machafu lililokuwa karibu na kisima, na shimo hilo lilikuwa linavuja. Mama huyo alifanya kama wengine walivyofanya. Hakuna aliyejua hatari. Mwulize mwanao: je, kosa lilikuwa la mama, au la shimo bovu lililojengwa karibu na kisima?

Zoezi la kufanya mezani

Mpe mwanao kisa hiki cha kubuni. Watoto 40 walikwenda kwenye sherehe, na 18 waliharisha.

- Waliokula pilau: 36. Walioharisha kati yao: 16.
- Wasiokula pilau: 4. Walioharisha kati yao: 2.
- Waliokunywa juisi: 25. Walioharisha kati yao: 15.
- Wasiokunywa juisi: 15. Walioharisha kati yao: 3.

Wengi watasema ni pilau, kwa sababu wagonjwa 16 kati ya 18 walikula. Lakini karibu kila mtoto alikula pilau. Linganisheni walioila na wasioila: asilimia 44 ya walioila waliugua, na asilimia 50 ya wasioila. Pilau haishukiwi. Kwa juisi, asilimia 60 ya walioinywa waliugua, dhidi ya asilimia 20 ya wasioinywa. Hatari ni mara tatu zaidi, kwa hiyo juisi ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuhesabu wagonjwa peke yao. Mkumbushe kila mara: "Na wasiougua je?"

Namna nyingine za kumsaidia

- Mwache akueleze wewe alichojifunza. Asipoweza kukieleza kwa maneno rahisi, bado hajakielewa.
- Mwombe achore grafu ya idadi ya wagonjwa kwa kila siku. Wagonjwa wengi wakijitokeza kwa ghafla, huenda walipata ugonjwa mahali pamoja.
- Hakikisha analala vya kutosha siku moja kabla ya shindano.

Tahadhari

Mazoezi yafanyike kwa visa vya kwenye karatasi. Mtoto asiguse kinyesi wala matapishi ya mgonjwa, na asizunguke kuwahoji wagonjwa mtaani. Mkiona watu kadhaa wanaharisha kwa wakati mmoja, toeni taarifa kituo cha afya.

Mtoto mdogo akiharisha nyumbani, mpe maji ya ORS na uendelee kumnyonyesha au kumlisha. Mpeleke kituo cha afya haraka ikiwa amelegea, macho yamezama, hawezi kunywa, au kinyesi kina damu.

Kumbuka

Mtoto anapougua, mara nyingi lawama humwangukia mama. Mpelelezi mzuri wa magonjwa hatafuti mtu wa kulaumiwa. Hutafuta njia ambayo ugonjwa umepitia, ili izibwe. Mwanao akirudi na somo hilo, hata bila medali, familia nzima imefaidika.