Mgagani: mboga chungu inayoota bila kupandwa

Mboga inayoitwa isogi nchini Rwanda inafahamika katika nchi jirani kwa majina mengine. Watanzania huiita mgagani, Waganda jjobyo, Wakisii wa Kenya chinsaga, na Wajaluo dek. Wataalamu wa mimea huiandika Gynandropsis gynandra au Cleome gynandra.

Huu ni mmea wa msimu mmoja. Huota wenyewe mvua zinapoanza, mashambani, kandokando ya njia na karibu na mazizi penye samadi. Kila jani limegawanyika mfano wa vidole vya kiganja, kwa kawaida vitatu hadi saba. Maua yake ni meupe au ya waridi, na mbegu zake ndogo nyeusi hukaa ndani ya maganda marefu membamba.

Huliwa majani machanga na machipukizi, yenye vitamini A na C, madini ya chuma na chokaa. Kwa kuwa ni machungu, wapishi wengi huyachemsha na kumwaga maji ya kwanza, ingawa sehemu ya vitamini C huondoka na maji hayo. Magharibi mwa Kenya huungwa kwa maziwa, au huchanganywa na mnavu ama majani ya kunde, na mama aliyejifungua huandaliwa mboga hiyo ili arejeshe nguvu. Katika maeneo makavu ya Tanzania ya kati, majani huchemshwa, hukaushwa juani na kuwekwa akiba ya kiangazi.

Harufu yake kali nayo ina manufaa. Utafiti uliofanywa Kenya katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba majani yake hufukuza kupe wanaoshambulia mifugo. Baadaye mmea huo ulijaribiwa pia kati ya mawaridi ili kupunguza utitiri.

Hata hivyo, wakulima wengi huung'oa kama gugu au kuunyunyizia dawa kabla haujatoa mbegu. Anayetaka kuendelea kuuvuna huacha mashina machache yakomae, na kuchuma maganda yanapogeuka manjano, kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu. Mbegu mpya huota kwa shida. Zikihifadhiwa mahali pakavu kwa miezi kadhaa, huota vizuri zaidi.