Kinjeketile: Tanzia ya Nabii Asiyejua Kama Amedanganywa

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 120 tangu wakulima wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, walipong'oa pamba ya Wajerumani na kuwasha Vita vya Majimaji, lakini kumbukumbu za kitaifa za vita hivyo zimezoea kuelekea Songea, ilhali mgeni afikaye Kilwa hupelekwa moja kwa moja kwenye magofu ya Kisiwani. Aliyeurudisha mkasa wa Umatumbi vinywani mwa Watanzania ni Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi wa mwaka 1943, kwa tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, ambayo ni tanzia, yaani mchezo ambao mhusika wake mkuu huangamizwa na lile lile lililomkweza.

Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na mwanahistoria Gilbert Gwassa yanaeleza kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alipandwa na pepo aitwaye Hongo mwaka 1904, akawagawia watu dawa ya maji, mafuta ya nyonyo na mtama, iliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji.

Tamthilia inauchukua mkasa huo na kuuliza ni nani aliyedanganya. Katika Othello ya Shakespeare mtazamaji humjua mdanganyifu mapema, kwa kuwa Iago huitangaza hila yake jukwaani kabla ya leso moja kuuwasha wivu wa Othello, lakini Hussein hakumpa mtazamaji wake Iago wa kumlaumu. Kinjeketile, akiwa amepagawa, anatamka kwamba Wajerumani wakishindwa watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar aliyefariki tangu 1856, na anapozindukana na kuelezwa aliyoyasema anaingiwa na hofu, maana usultani huo ndio uliokuwa na mamlaka pwani ya Kilwa wakati Kilwa Kivinje ikisafirisha watumwa, hivyo ahadi hiyo ni ya kubadilisha bwana tu. Kuanzia hapo anashuku kwamba ametumiwa, asijue na nani, na shaka hiyo inayagusa maji yenyewe. Lakini makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho baya yamekwisha kuunganishwa na maji hayo hayo, kiasi kwamba akisema ukweli atauvunja umoja na akinyamaza atawapeleka watu kwenye bunduki. Anataka vita vingoje, na watu hawangoji.

Gerezani, baada ya wapiganaji kushindwa, Kinjeketile anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, na Kitunda, jemadari na rafiki yake, anamsihi akubali, lakini anakataa kwa sababu kukiri huko kungefikishwa kwa vizazi vijavyo kama ushahidi kwamba kupigana kulikuwa kosa. Mwanahistoria ana haki ya kunung'unika hapa, kwani Kinjeketile halisi alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, asione kushindwa kokote. Hussein alilijua hilo, na bila kumrefushia nabii maisha asingekuwa na tanzia, bali shahidi wa dini tu.

Baadaye Hussein aliandika tamthilia ya Mashetani, akapata shahada ya uzamivu Berlin mwaka 1975, na katika miaka ya 1980 akaacha kufundisha chuo kikuu. Kinjeketile imebaki zaidi mikononi mwa wanafunzi wanaotakiwa kuorodhesha dhamira zake kwa ajili ya mtihani, na tuzo yenye jina la mwandishi wake, ajabu kidogo, hutolewa kwa washairi.