Subira ya Sokwe

Kwa karne nyingi mnyama alihesabiwa kuwa mtumwa wa tumbo lake: akionacho hukitamani, na akitamanicho hukinyakua. Kujizuia kulidhaniwa kuwa mali ya mwanadamu peke yake, zao la akili na malezi. Miongoni mwa mambo yaliyoitikisa dhana hiyo ni ndizi moja iliyosahauliwa mtini huko Gombe, kaskazini ya Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika.

Jane Goodall alifika Gombe katika Julai 1960. Mwanzoni sokwe walimkimbia. Baadaye wakazoea kuja kambini kula ndizi, na ndizi zikaleta ugomvi mwingi. Madume makubwa yalichukua sehemu kubwa, na vijana wakangoja masazo. Kijana mmojawapo aliitwa Figan, mwana wa Flo, umri wake yapata miaka tisa. Siku moja aliinua macho akaiona ndizi ambayo wengine hawakuiona. Chini yake hasa alikuwa amepumzika Goliath, dume lenye nguvu. Figan aliitupia ndizi jicho, akamtupia Goliath jicho, kisha akaondoka akaenda kukaa upande wa pili wa hema, mahali ambapo ndizi haikuonekana. Ilipita robo saa. Goliath alipoinuka na kwenda zake, Figan alirudi moja kwa moja akaichukua.

Kwa nini hakungoja palepale? Maelezo ya Goodall ni kwamba kama angalikaa karibu asingaliweza kuyazuia macho yake, na sokwe ni wepesi wa kufuata macho ya wenzao. Mtazamo mmoja ungaliifichua siri. Basi Figan hakushindana na tamaa yake ana kwa ana. Aliipisha njia.

Sauti ilimpa taabu zaidi. Wakati mmoja alibaki nyuma mpaka wakubwa walipoondoka, akapewa ndizi. Furaha ikamfanya apige kelele za chakula, wakubwa wakarudi mbio, na ndizi zikampotea. Siku chache baadaye alibaki nyuma tena akapewa tena. Safari hii hakupiga kelele, lakini sauti ilisikika ikihangaika ndani ya koo lake, karibu imkabe. Pengine hakuna ushahidi unaoonyesha vizuri zaidi kuliko huo kwamba kujizuia kwake kulikuwa kazi, wala si ubaridi wa moyo.

Habari hizi hazikuwa ngeni kabisa. Nusu karne kabla yake, katika kisiwa cha Tenerife, Mjerumani Wolfgang Köhler alikwisha kuona kwamba sokwe aweza kukipa kisogo chakula kilicho mbele yake ili akatafute fimbo ya kukivutia. Hata hivyo wenye shaka walikuwa na haki yao. Kisa cha mnyama mmoja katika siku moja hakitoshi kuwa sheria, na yule anayempenda mnyama huwa mwepesi kumvika akili za kibinadamu. Ilihitajiwa mitihani iwezayo kurudiwa.

Mtihani mmoja ulifanywa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, ambako Sarah Boysen alikuwa amewafundisha sokwe kuzijua tarakimu. Sahani mbili za peremende ziliwekwa mbele ya sokwe, moja yenye nyingi na moja yenye chache. Sahani aliyoionyesha kwa kidole alipewa mwenziwe. Iliyobaki ikawa yake. Aliyetaka nyingi ilimpasa aonyeshe chache. Sheba, jike hodari wa kuhesabu, alishindwa mara kwa mara: kidole chake kilikwenda penye nyingi, na nyingi zikaenda kwa mwingine. Lakini peremende zilipoondolewa na mahali pake pakawekwa tarakimu, alionyesha tarakimu ndogo akapata fungu kubwa. Boysen na mwenzake Gary Berntson walichapisha matokeo haya katika mwaka wa 1995. Kanuni Sheba aliijua. Kilichomshinda ni kuona. Tarakimu ilimfanyia kazi ileile ambayo hema lilimfanyia Figan.

Katika mwaka wa 2007 Theodore Evans na Michael Beran walieleza jaribio jingine la Marekani. Peremende zilidondoshwa moja moja katika chombo, na sokwe aliponyosha mkono kuzichukua, hazikuongezwa tena. Waliopewa vitu vya kuchezea waliweza kungoja zaidi, na walivichezea sana hasa chombo kilipokuwa karibu na mikono yao. Yaani walijishughulisha makusudi.

Chanzo cha uwezo huu kingali kinabishaniwa. Federica Amici na wenzake, katika mwaka wa 2008, walilinganisha aina saba. Sokwe, bonobo, orangutani na kima-buibui wa Amerika, ambao makundi yao huvunjika na kuungana tena, waliwashinda gorila, kapuchini na makaki wenye mikia mirefu. Uchunguzi mkubwa wa mwaka wa 2014, wenye wanyama 567 wa aina 36, uliupa ukubwa wa ubongo nafasi ya kwanza. Rai hizi mbili hazipatani kwa urahisi, kwa maana ubongo wa kima-buibui ni mdogo sana mbele ya ule wa gorila. Atazamaye maisha ya Gombe ataielekea zaidi rai ya kwanza: sokwe wa huko asubuhi yu pamoja na wawili, jioni yu katikati ya kumi, na kila anayewasili hubadili kile kiwezacho kutendwa bila kupigwa.

Figan mwenyewe, akisaidiwa na nduguye Faben, alimwondoa Humphrey katika ukuu mwaka wa 1973. Ugawaji wa ndizi ulipunguzwa hatua kwa hatua, na siku hizi sokwe wa Gombe hujitafutia chakula msituni.