Uhuru wa Mtoto Ulianzia Mtaa wa Maskini

Dar es Salaam au Nairobi, ukitaja shule ya Montessori, wengi hufikiria ada kubwa, basi la shule mlangoni na darasa lenye watoto kumi na watano. Ndiyo maana wako wanaosema kwamba kumwachia mtoto achague kazi yake na kuifanya kwa mwendo wake ni anasa ya wenye nacho, nasi wenye madarasa yaliyofurika hatuna haja ya kujadili jambo hilo. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa historia, kwa sababu inageuza asili ya mfumo huu juu chini. Mfumo huu ulizaliwa kwa watoto wa vibarua, katika jengo ambalo wenye fedha wa mji wa Roma hawakutaka hata kulipita karibu, na gharama iliyokuja kuufunika baadaye ina sababu zake nyingine.

San Lorenzo ulikuwa mtaa wa wafanyakazi mjini Roma, wenye majengo yaliyoachwa bila kumalizika baada ya biashara ya nyumba kuanguka mwishoni mwa karne ya 19. Familia zilibanana humo hadi shirika moja la majumba, chini ya mkurugenzi wake Edoardo Talamo, lilipoyanunua na kuyakarabati. Wazazi wakienda kazini alfajiri, watoto ambao hawajafikia umri wa shule walibaki ngazini wakichora na kuchafua kuta zilizokwisha kupakwa rangi. Talamo alipiga hesabu ya mwenye nyumba: fedha za kurekebisha uharibifu zingetosha kulipia chumba kimoja na mtu wa kuwatunza watoto hao. Akamwita Maria Montessori, daktari aliyehitimu mwaka 1896, miongoni mwa wanawake wa kwanza Italia kufikia hapo. Tarehe 6 Januari 1907 Nyumba ya Watoto ikafunguliwa, na wazazi hawakutozwa ada. Walipewa masharti tu: walete watoto wakiwa safi na kwa wakati, na wamheshimu mwalimu. Watoto walikuwa kama hamsini, wa miaka mitatu hadi sita, chini ya mwanamke mmoja asiye na mafunzo ya ualimu.

Montessori hakuja na nadharia ya uhuru mkononi. Alikuja na vifaa, vingi vikiwa na asili katika kazi ya daktari Mfaransa Édouard Séguin, ambavyo yeye mwenyewe alikwisha kuvitumia Roma kuwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili. Vilifungiwa kabatini, na mwalimu ndiye aliyevigawa. Siku moja mwalimu alichelewa na kabati lilikuwa wazi. Alipofika aliwakuta watoto wamekwisha kuchukua walivyovitaka na wanafanya kazi. Mwalimu aliona wizi. Montessori aliona kwamba watoto wanavijua vifaa kiasi cha kuchagua, akaagiza makabati mafupi yanayofikiwa na mkono wa mtoto. Kitu chenyewe kilikuwa cha kawaida kabisa. Chukua gogo la mbao lenye matundu kumi, na vipande kumi vya mviringo vya kuingiza humo, kila kimoja na unene wake. Mtoto akikosea, mwishoni hubaki na kipande kisichoingia popote, naye huanza upya bila mtu kumkaripia. Kazi ya kusahihisha imehama kutoka mdomo wa mwalimu na kuingia ndani ya mbao. Herufi nazo zilikatwa kwa msasa na kubandikwa kwenye kadi ili kidole kizipapase, na kabla mwaka haujaisha baadhi ya watoto hao, ambao wazazi wao wengi hawakujua kusoma, walianza kuandika.

Hapa mpinzani makini husimama na kuuliza: uhuru gani huo, ikiwa mtu mzima ndiye aliyepanga kila kitu? William Heard Kilpatrick, mwalimu wa falsafa ya elimu huko New York, aliuliza karibu hivyo mwaka 1914. Alisifu uhuru wa watoto, lakini akaona vifaa ni vichache na vinabana ubunifu. Sehemu ya lawama hiyo ina ukweli: mtoto anayetaka kugeuza vile vipande kuwa gari moshi hakupata nafasi ya kutosha katika mfumo wa awali. Hata hivyo, mpangilio haupingani na uhuru wa mtoto wa miaka minne, ndio unaouwezesha. Kabati likiwa juu, mtoto ataomba kila kitu. Likishushwa, hana sababu ya kuomba.

Sura ya kitajiri ilikuja kwa njia ya pembeni. Marekani iliushangilia mfumo huu kuanzia mwaka 1911, ikauacha baada ya miaka michache, kisha ukarudi mwaka 1958 kupitia shule ya binafsi huko Greenwich, Connecticut, na kuenea zaidi kwa ada za wazazi. Wakati huohuo upande mwingine wa historia haukukatika. Mwaka 1922 Nyumba ya Watoto ilifunguliwa katika mtaa wa wafanyakazi mjini Vienna. Kuanzia mwaka 1939 Montessori mwenyewe alikuwa India, ambako vita vilimzuia kuondoka, akafunza walimu zaidi ya elfu moja. Nakuru, Kenya, mradi wa Corner of Hope umefungua madarasa ya aina hii kwa watoto wa familia zilizohamishwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007.

Tanzania nayo ilikuwa na mjadala wake. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Rais Nyerere aliikosoa shule inayomzoeza mwanafunzi kupokea tu, akataka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua kazi za shamba la shule. Chanzo chake kilikuwa kingine na lengo lake lilikuwa ujenzi wa taifa, lakini yaliyotokea yanatufundisha jambo. Katika shule nyingi jembe lilibaki na maamuzi yakaondoka: mwanafunzi alilima kwa amri ya mwalimu, wakati mwingine kama adhabu. Mikono ilikuwa na kazi, kujitegemea hakukupatikana. Kilichokosekana pale hakikuwa fedha, kwa maana shamba lilikuwepo, mbegu zilikuwepo na nguvu kazi ilikuwepo. Waliokosekana ni watu wazima walio tayari kuachia sehemu ya mamlaka yao. Anayesema leo kwamba wingi wa watoto na uhaba wa vifaa ndivyo vinavyotuzuia ana hoja nzito, kwani darasa la watoto mia moja si la watoto hamsini. Lakini bado hajaeleza kwa nini hata palipo na watoto ishirini, chaki na vitabu hufungiwa katika kabati ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mwalimu.