Mizinga ya Manowari kwenye Reli ya Usambara

Julai 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji, ndege za Waingereza zikielekeza makombora. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ikaopolewa. Iliundwa kufungwa sitahani. Mafundi wa Dar es Salaam wakaitengenezea vigari vya magurudumu, ustadi mkubwa wakati meli za adui zimeziba njia ya vifaa kutoka Ujerumani.

Mzigo ukawaangukia Waafrika. Kwa mamia waliivuta kwa kamba, vilimani na matopeni, na majina yao tunayakosa hadi leo.

Machi 1916 mmojawapo ulifyatuliwa Kahe, kuilinda Reli ya Usambara, ya Tanga–Moshi. Juni Waingereza, wakiifuata reli hiyo, wakaingia Wilhelmstal, Lushoto ya sasa. Mzinga mmoja umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa.